Nilitua Istanbul Usiku, Aliyepaswa Kunipokea Akazima Simu

Niseme mapema kabla hamjaanza kubahatisha: jina lake sitaji. Wengine wenu mnamfuatilia. Ana wafuasi laki na ushee, kila picha kaegemea gari la bei mbaya, nyuma yake bahari na lile daraja refu linalowaka taa za rangi. Maneno chini ya picha hayabadiliki sana: "Istanbul imenikubali." Na mara mojamoja anaongeza: "Ukija huku nitafute, utapokelewa kama ndugu."

Basi mwenzenu nilienda. Na nikamtafuta.

Mimi ni mtoto wa Dar. Nauza duka la vifaa vya simu pale Makumbusho, duka lenyewe si langu, na napanga chumba kimoja Mwananyamala. Kwa miezi 14 nilikuwa natumbukiza hela kwenye kibubu, siku nyingine elfu mbili, siku nyingine elfu kumi, kwa sababu moja tu: kabla sijatimiza miaka 27 nilitaka nipande ndege nitoke nje ya nchi kwa hela yangu mwenyewe. Si kwa semina, si kwa kupelekwa na mtu.

Kwa nini Istanbul? Acheni tu. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa Kiswahili zilishanimaliza. Halafu pale dukani kila mteja mwenye fremu ya nguo Kariakoo anaongelea "mzigo wa Uturuki" kama vile unatoka hapo Kibaha. Nikajisemea, kama wao wanaenda na kurudi, mimi nina mkosi gani?

Tulipanga twende wawili. Wiki tatu kabla ya safari shosti wangu akanipigia, mchumba wake kasema mke mtarajiwa haendi kuzurura nchi za watu. Mimi tiketi nilishalipa, ni zile za bei chee ambazo ukighairi hela imekwenda. Visa ilishatoka. Nikasema potelea mbali, naenda hivyohivyo.

Hapo ndipo nikamwandikia kaka. Sikutegemea ajibu, lakini alijibu siku ileile, tena kwa sauti, ile sauti ya kujiamini: "Dada, wewe njoo. Istanbul ni nyumbani." Akanipigia hesabu yote. Dola 200 zingelipia chumba siku sita maeneo ya Aksaray, pamoja na yeye mwenyewe kuja kunichukua uwanjani kwa gari. Akanipa namba ya mtu wake wa hapahapa Dar, nikatuma kwa simu. Akanitumia jina la hoteli na lokesheni. Nikabaki na dola 420, nimezigawa sehemu tatu kama nilivyosikia wazoefu wanafanya: pochi, soksi, na sehemu ambayo sitaiandika hapa.

Ndege ilitua saa nne usiku, mwezi wa kumi na moja. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni saa yangu ya mkononi, haikuhitaji kuguswa. Uturuki na sisi saa zetu zinalingana. Nikajiona kama nimefika mkoa mwingine tu.

Mkoa gani! Uwanja ule ukishuka unatembea, unatembea, unatembea, mpaka unaanza kuhisi wamekurudisha Dar kwa miguu. Foleni ya pasipoti peke yake nilihesabu lugha nikachoka. Nilipotoka na begi langu nikatafuta intaneti ya bure, kuna mashine unaiwekea pasipoti inakupa namba ya kuingilia. Nikaingia. Nikamwandikia kaka: "Nimetoka, niko mlangoni."

Tiki moja. Ya kijivu.

Nikapiga, haiingii. Nikasubiri dakika kumi, nikapiga tena. Nikaangalia picha yake ya WhatsApp, haipo. Jamani, nyie mnaojua mambo ya simu mnajua maana yake. Mimi nauza simu, najua maana yake kuliko wengi. Lakini pale nilijiambia atakuwa chaji imemwishia. Mtu ukiwa na hofu unakuwa wakili mzuri sana wa yule anayekuumiza.

Mama akapiga.

"Mwanangu, umefika?"

"Nimefika mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umempata mwenyeji wako?"

"Nimempata. Ndiyo tunaelekea kwenye gari."

Akashukuru Mungu kwa sauti, nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Kapokelewa." Nikakata simu nikaenda kukaa kwenye kiti, begi nimelibana katikati ya magoti. Watu wa teksi wanapita wananiita, mimi natikisa kichwa huku natabasamu kama mtu ambaye dereva wake yuko maegesho.

Nilikaa pale saa nzima na nusu. Aliyeniokoa ni mama mmoja niliyemuona kwenye ndege, mtu mzima, kajifunga ushungi, ana begi la shangazi kaja limekunjwa tupu ndani ya begi lingine. Alikuwa ametoka kubadilisha hela, akanipita, akarudi nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wa Bongo wewe. Unamsubiri nani?"

"Kaka yangu, yuko njiani."

Akaniangalia. "Kaka wa tumbo moja au kaka wa kwenye simu?"

Sikujibu. Akacheka kidogo, si kwa kunikejeli. Akasema, "Mwanangu, mimi hii ni safari ya saba. Huku usikae kusubiri kupokelewa. Huku unafika mwenyewe, ukishafika ndiyo unawapigia watu simu. Unaenda wapi?"

"Aksaray."

"Njia yangu. Nyanyuka."

Kuna mabasi yanayotoka uwanjani kwenda sehemu mbalimbali za mji, na moja linakwenda Aksaray. Uwanja uko mbali, kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji, kwa teksi ningeacha hela nyingi barabarani. Kwenye basi mama akanifundisha mambo ambayo kaka hakuwahi kunigusia hata moja. Usibadilishe hela nyingi uwanjani, badilisha ya kukufikisha tu, mjini kuna maduka yameandikwa "Döviz", pale bei inaeleweka. Nunua kadi ya usafiri inaitwa Istanbulkart, unagusa unaingia, kama ile N-Card ya kivuko cha Kigamboni, ila hii inakupandisha tramu, treni, basi na boti. Na ukiona fundi viatu anapita mbele yako akaangusha brashi, usiiokote. Ukimwokotea atakusafisha viatu "kwa shukrani", halafu atakudai.

Tukashuka Aksaray karibu saa saba usiku. Mvua ya manyunyu, baridi inapita kwenye kijaketi changu cha jinzi kama hakipo. Mama akauliza, "Hoteli unayo kweli? Maana mimi nalala chumba cha vitanda viwili, kimoja kitupu."

Sasa hapa ndipo wengi mtanicheka. Nilikuwa nimeshajua. Moyoni nilijua kabisa hakuna chumba kinachonisubiri. Lakini kumwambia mtu mzima, tena Mtanzania mwenzangu, kwamba nimetapeliwa na mtu wa Insta, mdomo ulikataa. Nikasema, "Ninayo mama, imeshalipiwa."

Akanipa namba yake, akanikumbatia, akaondoka na mabegi yake. Kwa hiyo tukisema nilitelekezwa usiku ule Istanbul tuseme na hili: mara ya kwanza nilitelekezwa na kaka. Mara ya pili nilijitelekeza mwenyewe.

Hoteli ilikuwepo kweli. Nyembamba, imebanwa katikati ya maduka mawili ya masanduku, mlangoni paka wawili wamelala juu ya zulia kama ndiyo wenye nyumba. Mapokezi kijana mmoja, macho mekundu ya usingizi. Nikampa pasipoti. Akatafuta kwenye kompyuta. Akatafuta kwenye daftari. Akanigeuzia daftari nisome mwenyewe. Jina langu halipo. Nikamwonyesha meseji za kaka, jina lake, akatikisa kichwa. Hamjui.

Chumba kipo, akaandika kwenye kikokotoo: 55. Dola. Kwa usiku mmoja.

Nilishindwa. Si kwamba sikuwa nazo, nilikuwa nazo. Ila nilipiga hesabu ya siku sita palepale mbele yake, machozi yakaanza kunitoka bila sauti. Kijana akachanganyikiwa. Akasema kitu, nikasikia neno moja: "dakika." Beş dakika. Dakika! Nikamwangalia. Akaonyesha vidole vitano, akapotea nyuma ya pazia.

Akarudi na chai. Vile vibilauri vyao vidogo vilivyobanwa kiunoni, chai nyekundu, sukari vipande viwili pembeni. Akaniwekea kwenye meza ndogo, akaonyesha kochi, akaonyesha saa ya ukutani, akalaza kichwa juu ya viganja. Yaani lala hapa mpaka asubuhi. Nikatoa hela, akazisukuma. Akajigusa kifuani, akasema, "Misafir."

Nikasema, "Ndiyo, msafiri. Mimi msafiri."

"Misafir," akarudia, safari hii kwa kuninyooshea mimi kiganja.

Akachukua simu akaandika, ikatafsiri kwa Kiswahili: mgeni. Kumbe kwao neno lile halimaanishi mtu aliye njiani, linamaanisha mtu aliyekuja kwako. Neno moja la Kiarabu, sisi tumelichukua likabaki barabarani, wao wamelichukua likaingia ndani ya nyumba. Sikuyawaza hayo usiku ule, nisiwadanganye. Usiku ule nilikunywa chai, nikalala nimekaa, paka mmoja miguuni.

Asubuhi aliniita "abla". Baadaye nilijua ni dada mkubwa, heshima tu, kama sisi tunavyomwita dada hata mtu tusiyemjua.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya kuamka. Sijaoga, sijala, sina pa kulala. Nikatoka, nikatembea mtaa mmoja kuelekea Laleli, nikakuta hoteli kubwa, milango ya dhahabu, mwanga wa njano ndani, mlinzi kavaa koti refu. Nikapaka mafuta ya midomo, nikavaa miwani, nikasimama mlangoni pale begi langu pembeni, nikamwomba mpita njia anipige picha. Nikarudi kwenye intaneti ya kijana wa mapokezi nikaposti: "Asubuhi njema kutoka Istanbul. Mungu ni mwema."

Laiki zikaanza kumiminika. Shosti akaandika, "Umeupiga mwingi!" Mama akatumiwa na binamu yangu, akanitumia sauti anacheka kwa furaha: "Hoteli gani hiyo kama ya waziri!"

Na kwenye laiki nikaona jina la kaka.

Alikuwa amenifungia WhatsApp, Insta alisahau. Kidole chake kililaiki kwa mazoea tu. Nikamwandikia sentensi moja: "Nimeona umelaiki. Niko Aksaray." Haikusomwa.

Nikaendelea na maisha. Nilipata kitanda kwenye nyumba ya wasafiri wa bei nafuu, chumba cha wasichana wanane, dola 15 kwa usiku. Na niwaambie ukweli, nikiacha yale yaliyonipata, ule mji ni mtamu. Ukiwa na hela ndogo unautembea vizuri kuliko mwenye gari. Tramu ya kutoka Laleli inakupitisha Beyazıt, kwenye lile soko la kale lililoezekwa, Kapalıçarşı, kisha Sultanahmet penye msikiti wa minara sita, mpaka Eminönü penye boti. Asubuhi nakula simit, mkate wa duara uliojaa ufuta. Mchana supu ya dengu nyekundu, mkate unaletwa kwenye kikapu, unakula mpaka mwenyewe unaona aibu. Jioni napanda boti kwenda Kadıköy. Dakika kama 20 unatoka Ulaya unaingia Asia, kwa kugusa kadi tu, huku ndege wa baharini wanafukuzia vipande vya simit wanavyorushiwa na watu.

Halafu yale maneno. Saa wanaita saat. Kitabu, kitap. Sabuni, sabun. Dunia, dünya. Hesabu, hesap, ndiyo bili yenyewe ya chakula. Kila nikisikia moja nilijihisi nimekutana na jirani.

Siku ya tatu mchana, kaka akajibu. Sauti yenyewe si ile. "Dada, samahani. Niko Kumkapı. Kama unaweza kuja, njoo. Kama unataka kunitukana, njoo unitukane."

Nilikaa na simu muda mrefu. Nikampigia yule mama wa Kariakoo, safari hii nikamweleza kila kitu. Akanyamaza, kisha akasema, "Nenda mchana, kaeni hadharani, nitumie lokesheni. Na mimi niko Laleli hapo, nafunga mzigo." Ndivyo nilivyofanya.

Kumkapı ni ukishuka tu kutoka Laleli kuelekea baharini. Mitaa myembamba, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha hadi dirisha, watu wa kila rangi. Nikamkuta mbele ya ofisi moja ya mizigo. Sikumtambua. Nilikuwa namtafuta mtu wa kwenye picha, mwenye koti la manyoya. Aliyekuwepo ni kijana mwembamba kavaa fulana mbili na kizibao, mgongoni kabeba furushi la nguo lililozungushiwa gundi ya karatasi mpaka limekuwa kama jiwe, analiingiza kwenye gari. Akalitua, akaniona, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, dada," akasema. Hakuniangalia usoni.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu siku ya kwanza. Nimeyafanyia mazoezi kwenye tramu. Yote yakapotea, likabaki moja. "Kwa nini?"

Akaniambia, na mimi nawapa kama nilivyoyapata. Alikuja Istanbul mwaka juzi kucheza mpira. Kuna mtu, wakala, alimwambia klabu imemuona, imemkubali, anatakiwa kwenda kwenye majaribio. Familia iliuza kiwanja. Dola 1,500 zikatumwa. Alipotua, wakala alizima simu. Klabu haikuwahi kumsikia. Akalala uwanjani siku mbili, akaja kuokotwa na vijana wa Kinigeria waliompeleka Kumkapı, ndipo anapoishi mpaka leo, watu sita chumba kimoja. Magari? Kuna siku wanapeleka mizigo mitaa ya kitajiri kule ufukweni. Anavaa koti la kuazima, mwenzake anapiga picha kabla mwenye gari hajatoka.

"Na dola 200 zangu?"

"Kodi. Walikuwa wananitoa siku ileile." Akameza mate. "Nilijua nitazirudisha kabla hujaja. Sikuzipata. Siku ya ndege yako nikasema, nikienda uwanjani nitamwambia nini? Nikazima."

"Kwa hiyo ukanifanyia kilekile ulichofanyiwa."

Akasema, "Ndiyo." Hivyohivyo, bila kupaka rangi. Nikakasirika zaidi, maana nilitaka abishe.

Nikamwambia kila kitu, kochi, baridi, mama yangu. Watu wa ofisi wakageuka kutazama. Hakujitetea. Nilipomaliza akauliza swali moja, taratibu kabisa, wala si kwa ujeuri.

"Dada, ile hoteli kwenye picha yako. Unalala pale kweli?"

Nikanyamaza.

"Huwa napeleka mizigo ya wateja pale," akasema. "Mlinzi hatuachi hata tukanyage zulia."

Jamani. Nimewahi kuzabwa kibao na mwalimu, hakikuuma namna ile. Kwa sababu mtu mwingine anayeangalia picha yangu Mwananyamala, binti mwenye kibubu kama mimi, anaiona na kusema kumbe inawezekana, kwa hela kidogo tu unalala hoteli ya milango ya dhahabu. Sikumwibia mtu hela, hiyo ni kweli, na tofauti hiyo naishikilia mpaka leo. Lakini ile picha ilikuwa inafanya kazi ileile ya picha zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu Istanbul nilipewa rola ya gundi. Alikuwa na mafurushi kumi na moja ya kufunga kabla ya magharibi, na malipo ni kwa furushi. Akasema nikitaka nikae, akilipwa ananipa chote. Nikakaa. Yeye anakandamiza kwa goti, mimi nazungushia gundi. Mama wa Kariakoo akaja kunikagua, akatukuta hivyo, akavuta kiti akaanza kutusimamia kama mwenye kiwanda.

Alilipwa, akanipa. Ukibadilisha ilikuwa kama dola 30. Nikapokea. Sikumrudishia hata senti, na sijutii.

Jioni akatupikia. Walikuwa na sahani kubwa ya samaki wadogo, hamsi wanawaita, ndiyo msimu wake. Ni dagaa kabisa, ila wabichi na wanene. Akawakaanga. Akasonga ugali kwa unga wa njano kutoka duka la mtaani, pakiti imeandikwa "mısır unu". Nikamuuliza mısır ni nini, akasema ni mahindi, na ndilo jina lao la nchi ya Misri. Mama wa Kariakoo akacheka mpaka akashika kiuno: "Sisi tunayaita ya Wahindi, wao wanayaita ya Misri! Hakuna anayetaka kusema ni yake." Tulikula watu tisa kwenye sinia mbili, hakuna aliyepiga picha.

Usiku ule nikampigia mama yangu, nikamwambia ukweli. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Umekula?" Nikamwambia nimekula ugali na dagaa. Akasema, "Basi uko salama. Mengine utanieleza ukija." Ile picha ya hoteli nikaifuta.

Nimeyaandika haya sasa, mwaka mmoja baadaye, kwa sababu mwezi uliopita kaka aliposti tena: "Ukija huku nitafute." Chini yake nikaona wasichana watatu wanaulizia bei. Nikamtumia ujumbe: futa, au nakutaja kwa jina. Ndani ya dakika mbili posti haikuwepo. Wapo watakaosema ningemtaja tu. Nimeliwaza sana hilo. Nilichoamua ni hiki: akirudia, nitamtaja, na yeye anajua.

Kwa hiyo wewe unayekata tiketi yako ya bei chee kwenda mji usioujua, iwe Istanbul, iwe Guangzhou, iwe Dubai, fanya hivi. Kitanda cha usiku wa kwanza lipia wewe, mahali ambapo unaweza kupiga simu ukaulizia jina lako kabla ya kupanda ndege. Jua basi la kutoka uwanjani kwa jina, na saa linapoishia. Weka pembeni hela ya usiku mmoja wa dharura, usiiguse hata ukiona viatu. Atakayekupokea akija, ni baraka. Asipokuja, uwe na njia.

Na ukiulizwa na mtu mzima kama una pa kulala, na huna, sema huna. Hilo ndilo lililonigharimu kuliko zile dola 200.

Ambazo, kwa faida ya wanaopenda hesabu, ameshalipa 120 ukijumlisha na zile za mafurushi. Bado 80. Kaka, najua unasoma. Nakusalimia.